Nirmaya Anamjibu Mgeni wa Mwezi wa Kumi

Umeniuliza ubebe nini kuja Nepal.
Beba kidogo kuliko ulivyofikiri,
kisha punguza robo.
Mzigo hautakuwa mgongoni mwako,
utakuwa kwa Harka, ambaye ukanda wa kapu
umemchora paji la uso tangu akiwa na miaka kumi na minne.
Upimeni kwa mizani kabla hamjatoka mjini.
Macho ya mwenye pesa huona kilo chache.

Mwezi wa kumi umechagua vyema: mvua imekata,
ruba wamerudi walikotoka.
Wa saba usimshauri mtu. Wa saba barabara
huondoka usiku bila kuaga, ikahamia mtoni.

Ndege ndogo huruka asubuhi tu.
Adhuhuri upepo huamka bondeni, uwanja ukafungwa.
Basi acha siku mbili tupu mwishoni, usizijaze kitu.
Kila mwaka kuna anayelia mezani pangu
kwa ajili ya ndege nyingine, kubwa, ya mbali, iliyomwacha.

Fedha ubadili huko chini, noti ndogo ndogo.
Mashine ya benki iko mwendo wa siku nne, nayo ina siku zake.
Nitakutoza kuchaji simu; usinung'unike,
kila paneli ya jua hapa ilipanda kwa miguu ya mtu.
Maji ya moto ni ndoo moja.
Moto wenyewe ni samadi ya yak
aliyoibandika mama mkwe wangu ukutani ikauke:
ukitazama vizuri utaona vidole vyake.

Ukikuta ukuta wa mawe yaliyochongwa sala,
uuache mkono wako wa kuume,
hata kama matope yako upande huo.
Ukikutana na nyumbu, egemea mlima.
Kijana mmoja alisimama upande wa bonde apate picha nzuri.
Kamera tuliipata.

Kula wali na dengu. Siku ya tatu utauchoka,
siku ya sita utauomba mwenyewe.
Ukishiba funika sahani kwa kiganja, upesi,
maana upawa wangu hauulizi.

Sasa la kichwa.
Kikiuma kidogo: kaa, kunywa maji, usipande.
Kikiuma ukatapika, ukayumba kama mlevi ambaye hajanywa,
shuka. Hata usiku. Hata kama kilele kinaonekana,
hasa kama kilele kinaonekana.

Mwaka wa theluji ya mapema alikuja mwalimu, Bwana Ottokar,
mtu mpole, alinifundisha kukunja karatasi ikawa korongo.
Alisema atapumzika hadi asubuhi.
Alikuwa amelipia siku kumi na nne, alisema,
na hii ilikuwa ya tisa.
Nikamwacha alale.
Hilo ndilo nataka ulielewe: nilimwacha,
kwa kuwa yeye mgeni, na mimi si mama yake.
Saa nane za usiku Harka alimtia kapuni,
akamfunga kwa blanketi langu la harusi, akashuka naye
akimsimulia habari za mabinti zake ili asisinzie.
Kulipopambazuka walifika kwenye miti.
Harka alikuwa bado anasimulia,
hajui kwamba tangu mtoni
alikuwa akijisimulia mwenyewe.

Kwa hiyo nikikwambia shuka,
usinitazame kama mfanyabiashara.
Ukishuka sipati hata bei ya chai.

Mengine ni madogo. Soksi za sufu. Taa ya kichwani;
betri ulale nazo, zinakufa kwa baridi.
Peremende za watoto ziache, huku hakuna daktari wa meno.
Leta picha ya jiko la kwenu:
mama mkwe atataka kujua mnachoma nini wakati wa barafu.

Mlango wetu ni wa bluu. Mbwa hubweka tu.
Blanketi lilirudi. Nimelifua mara nyingi.
Ndilo utakalojifunika.