Mgongo wa Njia

Njia yenyewe si ndefu: hatua mia na kumi,
kutoka lami ya Pongwe hadi penye milango miwili
inayotazamana bila kusalimiana.
Kushoto kwa Kopwe Mhina, kulia kwa dada yake Mwanakheri.
Baba mmoja, mama mmoja, kisima kimoja,
na tangu matanga ya baba, maneno hakuna.

Nilipoishusha mashine kwenye lori
Kopwe alichungulia ndani ya kijumba cha vioo, akaniuliza,
"Dereva anakuja saa ngapi?"
Nikafunga mkanda, nikawasha. Hilo likawa jibu.

Ni mashine fupi, pana mabega, haina shingo.
Haikati kona kwa adabu: hujizungusha papo hapo
kama mtoto aliyenyimwa, ikikwangua ardhi kwa matairi.
Mbele nimeipachika fremu ya chuma,
upana wa kitanda cha futi sita,
meno upande mmoja, makali upande wa pili.

Kwanza meno.
Watu hudhani shimo hutibiwa kwa kujazwa.
Mwaga kokoto, shindilia, furahi wiki mbili;
mvua ya kwanza inalitapisha lote.
Shimo lina kumbukumbu. Lazima ulifuate hadi takoni,
uvunje ukingo wake, ulegeze na pale pazima palipolizunguka,
ndipo lisahau kwamba liliwahi kuwa shimo.
Nilifukua kifusi cha miaka: vigae, ganda la betri,
kandambili ya mtoto, buluu, ya mguu wa kulia.
Mwanakheri akaiokota, akaipangusa kwa kanga,
akaitazama nyumba ya kushoto.
Akaingia nayo ndani.

Kisha makali, kinyumenyume.
Kwenda mbele ni kubeba; kurudi nyuma ni kulainisha.
Manyunyu ya alfajiri yalikuwa yameikolea changarawe,
si vumbi, si tope: kama unga uliokwisha kukubali maji.

Saa sita Kopwe akaja na soda baridi.
"Binti, ilaze kidogo kulia.
Huku kwangu kuna kaburi la mzee."
Saa saba Mwanakheri akaja na wali wa nazi kwenye hotipoti.
"Mwanangu, ilaze kidogo kushoto.
Huku kwangu kuna kuku mia mbili wa mayai."
Nikanywa soda. Nikala wali.
Maji hayana ndugu, yana mteremko tu,
na mteremko siku ile ulikuwa chini ya kidole changu gumba,
juu ya kifimbo cha plastiki kilichochubuka.

Sikuilaza.
Niliitia mgongo, katikati, kimo cha vidole vinne,
nikapima kwa kamba na mpira wa maji,
nikakata mfereji huku na huku:
mmoja unalikwepa kaburi, mmoja unalizunguka banda.
Njia iliyo bapa kama meza
ni bwawa linalosubiri siku yake.

Saa tisa ikanyesha, ile ya kwetu isiyobisha hodi.
Wakatoka wote wawili, kila mmoja na jembe lake,
kila mmoja tayari kunishitaki.
Maji yalisimama kitambo juu ya mgongo
kama mgeni asiyejua nyumba aliyoalikwa,
kisha yakagawanyika.
Waliyatazama hadi wakalowa chapachapa,
majembe begani, hakuna aliyepata pa kuchimba.
"Yamepita," akasema mmoja wao.
Mvua ilikuwa kubwa; sikusikia ni nani.

Malipo yalikuja nusu kwa nusu, kwa mikono miwili:
noti za kunata kutoka kushoto,
noti za kunata kutoka kulia, na trei ya mayai juu yake.
Kokoto moja ilinasa kwenye tairi la lori,
ikawa inagonga lami, ta, ta, ta.
Utingo akataka tusimame aitoe.
Nilimwambia aiache.
Iligonga hadi Muheza.