Kutoka Sifuri Mpaka Kumi

Saa kumi na nusu alfajiri natoka Ibra,
chupa ya kahawa mapajani,
mabuku nyuma, kwenye kiti cha mtoto.
Bonde la Aqq linanipokea kwa giza na kona,
nami nakariri kwa sauti, kama chuoni zamani,
neva za mguu, moja moja, mpaka kidole gumba.
Mume wangu huuliza: miaka kumi na minne muuguzi,
bado wanakufundisha mguu?
Simjibu.
Kuna mguu wa kufunga bendeji
na kuna mguu wa kuutolea hukumu.

Miaka kumi na minne nimetii maandishi ya wengine.
Nimeamka kwa simu zao, nimepima dawa zao,
nimesema "ndiyo, daktari" kwa lugha tatu.
Sasa nasomea uzamili, na chuo kimesema:
masaa mia tano wodini, kila saa na saini yake,
kisha amri itakuwa yako.

Mgonjwa wangu wa kwanza Maskati alikuwa wa plastiki.
Kifua kikipanda na kushuka kwa umeme.
Nilimwomba radhi kabla ya kumgusa,
darasa zima likacheka.
Sista Aleyamma, wa Kerala, miaka thelathini nchi hii,
hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Wodi ya nne, kitanda cha dirishani:
Bi Thuwaiba binti Khalfan, sabini na tisa,
sukari ya miaka ishirini, figo zilizochoka.
Faili lasema: maumivu ya magoti, sita kwa kumi.
Siku ya tatu, sita. Ya nne, sita.
Nikamuuliza kwa Kiarabu, kama fomu itakavyo:
kutoka sifuri mpaka kumi, mama, ni ngapi?
"Sita," kama mtu anayelipa deni dogo.
Kisha akaugeukia ukuta:
"Hawa nao na hesabu zao."

Kwa Kiswahili.
Kiswahili cha nyanya yangu, cha Wete,
kilichoingia nchi hii na mbuzi ya nazi na kabati moja
mwaka ule ambao nyumbani hatuutaji.

Nikavuta kiti. "Bibi, yanaumaje?"

"Yanaumaje! Ngoja nikwambie.
Si kuuma, jino ndilo linalouma.
Si kuwanga, kichwa huwanga.
Si kusokota, hilo la tumbo.
Si kichomi, kichomi hupiga kikenda zake.
Hii inafukuta.
Moto wa makumbi, hauna ulimi, hauna mwanga,
na haulali.
Unaanzia nyayoni magharibi, siafu wananipanda,
shuka ikinigusa tu nalia,
na jana nimekanyaga kioo sikujua.
Magoti? Nani kasema magoti?
Nilionyesha mguu, wao wakaandika goti."

Uma wa chuma nikaugonga, nikauweka kifundoni.
Unatetema? "Hautetemi."
Hapa juu? "Hapo, ndiyo."
Neva zote za bondeni zikaja mbio,
zikajipanga kitandani kwa majina yao.

Nikageuka. Sista Aleyamma alikuwa penye pazia,
hajui neno hata moja la yale tuliyosema.
"Unataka nini?" akaniuliza.
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo wodini.
Nikaandika dawa. Nikafuta.
Figo, nikajiambia, figo.
Nikaandika nusu, mara moja, usiku.
Kompyuta ikauliza: una hakika?
Sikuwa nayo.
Nikabonyeza.
Naye akatia jina lake chini ya langu. Chini, si juu.

Asubuhi daktari ananionyesha faili:
hii "kufukuta" ni kifupisho cha nini?
Namwambia nitamweleza, kwanza nimwone mwenyewe.

Amelala saa nne, shuka juu ya miguu.
Namuuliza namba, maana fomu haina huruma.
"Sita," anasema.
Anafikiri. Anavuta mtandio.
"Lakini makumbi yameloa."

Naandika sita.
Nje ya kisanduku, kwa herufi ndogo, naandika lililobaki.
Masaa yangu: mia nne na kumi na moja bado.