Koma

Liesbeth Oertmann alipiga taipu kwa vidole vinane.
Kiwanda chao, huko Turingia, kilikuwa cha majiko:
majiko ya waoka mikate, ya wapika bia,
na tangu theluji ya mwaka arobaini na mbili
ya mteja mpya
anayelipa kwa wakati.

Barua ilisema: milango miwili, ya chuma,
mpira kuzunguka kingo, hewa isipenye,
tundu la kuchungulia, kioo maradufu,
unene milimita nane.
"Ni chumba cha maiti," alisema mhandisi Kassner
akipuliza vumbi la penseli juu ya mchoro.

Maiti achunguliwe, ana lipi tena la kufanya?
Swali hilo Liesbeth alilimeza
pamoja na kahawa ya shayiri.

Mlango mmoja, ulipofika, ulikwaruza sakafu.
Akaitwa Hirsz Wajngot, fundi vitasa wa Radom,
ambaye jina lake sasa lilikuwa tarakimu mkononi.
Alipiga tupa bawaba, akazipaka mafuta.
Upande wa ndani, kwenye mpira,
aliona alama za kucha.
Za chini kabisa zilimfikia gotini.
Akaulizwa: umemaliza?
Akajibu: nimemaliza.
Mlango ukafunga bila sauti,
na hilo hakujisamehe,
siku tisa alizobakiwa nazo.

Wahenga walisema moto huzaa majivu.
Hawakusema majivu nayo huzaa nini:
ankara, stakabadhi,
dhamana ya miezi sita,
malalamiko kwamba bomba la moshi limepasuka
kwa kutumiwa kupita kiasi,
na jibu la adabu,
*tunasikitika kwa usumbufu.*

Miaka ishirini baadaye, mbele ya hakimu,
Liesbeth alionyeshwa nakala, rangi ya chai.
Je, anaikumbuka?
Aliikumbuka mashine, herufi *e* iliyokuwa ikikwama.
Alikumbuka mvua.
Alikumbuka kwamba aliisoma mara ya pili, kwa uangalifu,
akaona kosa baada ya neno *kioo*,
akairudisha karatasi mashineni,
akatia koma.

Koma.
Katika lugha ninayoandikia hiyo ni amri pia.
Mama humwambia mtoto aliyeshika wembe.
Jirani humwambia jirani, usiku, kupitia ukuta.

Nimezihesabu katika barua ile.
Ziko kumi na moja.
Kila moja imekaa mahali pake.