Kidole Gumba

Siku ya kwanza Mwalimu Nakijwa alitukataza mlima.
"Mlima una wapiga picha wake," alisema,
"wanatoka mbali, wana lenzi ndefu kama mchi.
Ninyi nileteeni kile ninachokikosa nikipita:
nani anaamka wa kwanza, nani anazima taa."

Tulikuwa saba, kamera mbili,
na stendi ya miguu mitatu,
mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ukumbi wa usharika, Pasua, viti vya plastiki.
Mzee Elirehema, aliyefanya kazi reli mpaka reli ikanyamaza,
aliishika kamera kama taa ya kuruhusu treni.
Ndeshi, fundi cherehani, aliuliza kama inachukua na harufu.
Haichukui, akaambiwa.
Akaguna: "Basi ni nusu."

Mimi ni msusi. Vidole vyangu vinakijua kichwa hata gizani,
nani hajalala, nani anaficha kovu.
Nikadhani kamera ni kichwa kingine tu.

Nikarekodi asubuhi ya kwetu, dakika kumi na moja.
Jumamosi wakatundika shuka ukutani,
mapazia yakabanwa kwa pini za Ndeshi,
na kwenye shuka hapakuwa na uwanja, wala banda, wala mama.
Wekundu tu. Wekundu wa nyama iliyopenyezwa jua,
na mistari, mistari, kama shamba lililotoka kulimwa.
"Gumba lako hilo," alisema Mwalimu, bila ubaya.
Ukumbi ukacheka mpaka kiti kikavunjika mguu.

"Zima," nikasema.
"Acha," akasema Mzee Elirehema. "Hamsikii?"

Maji ya bomba yalikuwa yanaingia ndooni,
sauti ikipanda kadiri ndoo inavyojaa,
kama mtu anayekaribia kusema jambo.
Kuku. Kikohozi cha jirani, kile cha pili, kirefu.
Fagio la mama, shwa, shwa, likija kutoka jikoni.
Na redio ng'ambo ya ua ikisoma matangazo ya vifo:
fulani wa Uru, fulani wa Mkuu Rombo,
fulani wa Kibosho, mazishi kesho saa nane.

Kila jina, fagio linasimama.
Jina likipita, si lile, fagio linaendelea.

Shwa, shwa. Kimya. Shwa.

Kaka yangu Furahini alikwenda Mererani kutafuta jiwe la bluu.
Mwaka wa sita huu, simu haiiti.
Nyumbani hatumtaji. Tulishakubaliana, nilidhani, kunyamaza.
Nami nalala chumba cha pili kutoka uwanjani,
kila alfajiri nasikia fagio,
sijawahi kusikia kwamba linasimama.

Kisha sauti yake, karibu kabisa na gumba langu:
"Furahini... aa, Ndekirwa, chai."

Hakuna aliyecheka.
Ndeshi alikuwa anaokota pini ambazo hazijaanguka.
Mwalimu hakufundisha kitu.
Aliwasha taa, akaniandikia jina kwenye daftari la kamera,
akaandika na tarehe ya Jumatatu.

Jumatatu nikaweka stendi pale pale, karibu na bomba.
Nyuma yangu mlima ulikuwa umefunguka;
nilijua kwa mluzi wa mtoto wa jirani.
Sikugeuka.
Mama alikunja kanga kiunoni, akaitazama kamera
jinsi anavyomtazama mgeni ambaye hajasema shida yake.

"Hicho kidude kinaona mpaka wapi?"
"Mpaka getini, mama."
"Na barabarani?"
"Na barabarani kidogo. Mpaka kwenye nguzo."

Akafikiri.
Akaichukua stendi mwenyewe, ule mguu wa mpira ukiyumba,
akaisogeza hatua mbili, ikatazama njia.
"Kiache hapo," akasema, akarudi kwenye fagio lake.

Nikapangusa mafuta ya nywele mkononi.
Nikatoa kidole.