Dirisha la Nyuma

Tulikaa saba nyuma ya meza ndefu,
chini ya maktaba, palipokuwa stoo ya makaa,
mimi wa tatu kutoka kushoto,
jina langu kwenye kadi limekosewa, mwaka wa nne sasa.

Ajenda namba sita: Verna Stadler,
nyumba ya matofali, Mtaa wa Kinu,
dereva wa basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja.
Anaomba madirisha kumi na moja ya plastiki.
Ya mbao yameoza. Baridi ya mto Ohio
haipigi hodi, alisema,
inaingia na kukaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu.

Alileta bili za gesi. Akazisoma kwa sauti,
mwezi baada ya mwezi,
kama mtu asomaye majina ya wafu.

Mwenyekiti Lindqvist akafungua kanuni, ukurasa wa arobaini:
kila kionekanacho kutoka barabarani
kibaki kama kilivyokuwa.
"Nyumba ni yako, mama. Sura yake ni ya mtaa."
"Na gharama ya sura hiyo," Verna akauliza,
"analipa nani? Mtaa?"
Viti vya nyuma vikacheka.

Tobias Reyher akasimama bila kuitwa,
tuliyemnyima vibao vya umemejua mwezi wa tano:
"Nilinunua nyumba, sikununua makumbusho!
Rangi ya mlango niombe, ua niombe,
kesho mtanipima masharubu
kama yanalingana na mwaka ilipojengwa!"

"Na jirani yako akibomoa," mtu akamjibu,
"akaweka pa kuoshea magari, utakuja kumlilia nani?"
Pakawa kimya. Wote tunakijua kile kiwanja cha kona,
palipokuwa nyumba ya daktari,
leo pana lami na mapipa.

Ndipo akanyanyuka Ernestine Gadsden,
polepole, kwa ajili ya goti.
"Bibi yangu aliviosha vioo hivyo kila Ijumaa,
kwa siki na magazeti, ndani na nje.
Kununua nyumba mtaa huu hakuruhusiwa.
Kuosha, ndiyo.
Vioo vya zamani vina mawimbi,
anayeviosha huyajua kwa vidole.
Kwa hiyo msivitoe.
Lakini mkisema 'historia yetu',
semeni taratibu."

Hakuna aliyepiga makofi.
Hakuna aliyejua yuko upande gani.

Tukapiga kura. Watano kwa wawili.
Mkono wangu ulipanda pamoja na wale watano,
mwepesi,
kama mkono wa mtu asiye na dirisha.

Nyumba njema si mlango, walisema waliotutangulia.
Sisi tulikuwa tumekesha saa tatu na nusu
tukijadili mlango.

Jumamosi nikabeba puti, kisu, ngazi fupi.
Nikagonga. Alifungua amevaa koti
ndani ya nyumba yake mwenyewe.
"Na huku kufungua," akasema, "niombe kibali?"

Nikafanya kazi bila neno.
Mbao zilimeguka kama mkate wa juzi.
Kwenye dirisha la tatu nikamwambia,
uso wangu nimeuelekeza kiooni:
nyuma ya nyumba yangu, chumba cha kufulia,
nimeweka moja la plastiki.
Halionekani kutoka barabarani.

"Linaonekana kutoka jikoni kwangu," akasema Verna.
"Tangu mwaka juzi."

Akashika ngazi isiteleze.
Nje theluji ilikuwa imeanza, kidogo kidogo,
ikianguka sawasawa juu ya paa lililoruhusiwa
na lisiloruhusiwa.
Akauliza kama lile langu linapitisha upepo.

Nikasema halipitishi.