Somo la Nne

Saa tano usiku mashuka ya hospitali yanazunguka
nyuma ya vioo vyao vya mviringo,
nami nafungua kompyuta juu ya meza ya kukunjia.
"Karibu tena, Marlys," yaniambia,
kana kwamba ilikuwa na wasiwasi.
Nina miaka hamsini na minane.
Nje theluji imemeza magurudumu ya magari
na Bemidji nzima imejifunika gubigubi.

Utangulizi wa Elimu ya Uhalifu.
Nilimwambia msajili ni kwa ajili ya mwanangu:
anataka upolisi, nataka tuwe na la kuzungumza.
Msajili akaandika. Hakuuliza mara ya pili.

Somo la pili lilikuwa la wale mabwana wa zamani
waliopima mafuvu ya wafungwa,
wakisaka wizi tayani, uuaji masikioni.
Nilikwenda msalani nikajitazama.
Taya la mama. Masikio ya kawaida tu.

Somo la tatu: umaskini, mitaa, marafiki.
Nilipata tisa juu ya kumi.
Nilikosa swali moja, lile la mtego:
vitu viwili vikiongozana njiani
si lazima kimoja kimemzaa mwenziwe.

Usiku huu ni somo la nne.
Profesa Okerlund, ambaye kamera yake
huonyesha tai na nusu ya kidevu,
asema kuhesabu uhalifu kwa mafaili ya polisi
ni kama kuhesabu samaki wa ziwa zima
kwa wale waliovutwa juu kupitia tundu la barafu.
Waliobaki chini wanaitwa
idadi ya gizani.

Nikasimamisha video.
Mashine namba tatu ikaendelea kugongagonga,
kuna kifungo cha chuma humo.

Duka la ushirika wa wakulima, mwaka themanini na sita.
Dola mia mbili na arobaini
ndani ya bahasha ya mbegu za karoti.
Sikuwa na njaa. Hakuna aliyenituma.
Nilinunua koti la kijani lenye vifungo vya pembe,
nikalivaa mara mbili.
Nimepekua kitabu cha kozi tangu jalada hadi faharasa,
nadharia ya koti la kijani haimo.

Ufunguo wa droo siku ile ulikuwa kwa Twyla Aho.
Bwana Rostvold hakupiga simu polisi,
alisema hataki kumharibia msichana wa watu maisha,
akamfukuza Ijumaa, mbele ya foleni ya wateja.
Baba yake Twyla alikuwa mlevi.
Mji mzima ukakosa swali lile lile nililokosa mimi.

Husema siku za mwizi ni arobaini.
Zangu zimekuwa miaka thelathini na minane
na bado nahesabu.

*Zoezi: maneno mia mbili. Eleza kosa ambalo halikuripotiwa.
Usitaje majina.*
Mwenzangu mmoja kaandika baiskeli yake iliyoibwa.
Mwingine kaandika bibi yake na vijiko vya hoteli,
tukamwekea alama za kucheka.
Nimeandika. Nimefuta. Nimekunja mashuka kumi na sita.
Nimeandika tena, *msichana mmoja alichukua,*
*msichana mwingine akalipa,*
na saa sita kasoro dakika moja
mfumo ukaniuliza kama nina hakika.
Nani ana hakika? Nikabonyeza.

Jumatatu majibu yakarudi.
Kumi na nane juu ya ishirini.
*Mfano mzuri sana, unaaminika kabisa,*
kaandika Okerlund kwa wino mwekundu wa kompyuta.
*Alama mbili zimepunguzwa: umetaja jina.*

Ni kweli.
Nimetaja jina moja tu,
na si la mwizi.