Juu Ni Wapi

Nimepanda ngazi hadi orofa ya tano, lifti imekufa,
funguo za shangazi zimenitoboa mfuko.
Thelda Perkovich, imeandikwa mlangoni
kwa kalamu ya risasi,
mwenye nyumba hakuamini mpangaji huyu atadumu.
Alidumu miaka arobaini na mmoja.

Ndani kunanuka tapentaini na vitunguu.

Huko kwao Butte, Montana, babu akiwa chini ya ardhi na shaba yake,
bibi alianika mashuka kila Jumatatu
na upepo wa mgodini ukayagusa kabla hayajakauka:
kijani hapa, kutu pale,
doa lisilo na jina.
Bibi alilia, akafua upya, akalia.
Mtoto alisimama chini ya kamba, kisogo mgongoni,
anasoma.
Alinisimulia mara moja tu, tukimenya viazi,
akanikataza kuwapa watu wa magazeti:
"Watalifanya hadithi. Lilikuwa shuka."

New York aliingia na dola thelathini na nane ndani ya soksi.
Mchana alipiga pasi mashati ya makarani wa benki.
Usiku alitandaza turubai sakafuni, akaizunguka pekupeku
kama aliyedondosha sindano,
na rangi ya kupakia kuta, ya kopo, ya bei ya kutupa,
akiikwangua kwa bawaba ya mlango.
Hakuchora mti. Hakuchora uso.
Ukimuuliza, "Hii ni nini?"
atakujibu, "Ni hiyo."

Wanaume wa baa ya pembeni walibishana juu ya Utupu na Nafsi
mpaka chupa zikatoa jasho;
yeye alilipia bia yake akaondoka,
kesho kuna mashati.
Mmoja wao aliandika: ana mkono wenye nguvu, kwa mwanamke.
Mwingine: hata mtoto angeweza.
Hii ya pili aliikata kwa mkasi, akaibandika juu ya sinki.
Ipo hadi leo, imekunjamana kwa mvuke, na chini yake mwandiko wake:
Nilikuwa mtoto. Niliweza.

Benki moja ya Cleveland ilinunua picha, futi tisa kwa kumi na mbili,
ikaitundika miguu juu.
Alipanda basi kwenda kuiona,
akasimama ukumbini na koti la mvua, mlinzi hambandui jicho.
Hakusema neno.
"Ilining'inia kama popo," aliniambia,
"na ilipumua kuliko nilivyoiacha."
Tangu siku hiyo hakutia sahihi mbele ya kitu chochote.

Halafu simu ikanyamaza.
Ukumbi uliomwonyesha ukageuka duka la viatu;
akaenda akanunua viatu.

Aliyesemwa kwa kukosa mtoto akapata wa jicho,
wa kushoto, kisha wa kulia.
Walipomtoa, buluu ilirudi na kishindo
hata akazikasirikia picha zake za miaka kumi:
"Nani kanimwagia chai humu?"
Akaanza upya, ana sabini na sita,
kiti kimoja, brashi imefungwa kifundoni kwa kamba ya kiatu.

Nimehesabu mabunda mia mbili na kumi na mawili.
Alhamisi anakuja mtu wa makumbusho, mwenye glavu nyeupe;
ameshauliza kwa simu, mara mbili, juu ni wapi.
Nimegeuza. Nimegeuza tena.
Kila fremu ina misumari pande zote nne.

Ya mwisho imeegemea jiko, bado mbichi.
Nimeigusa, sijui kwa nini, nina miaka hamsini.

Chini, mwenye nyumba ananisukumia karatasi ya kurudisha funguo.
Natia sahihi. Dole gumba langu linaacha kijani pembeni,
naye anakunja uso,
analeta kitambaa,
anasugua.